Kikombe cha Kulia

Oryema aliileta akiiburura, haina mnyororo,
nyuma imechomelewa keria ya nondo
yenye upana wa magunia mawili ya mkaa:
swala aliyetwishwa matandiko ya punda.

"Fundi Langoya, kuna mtu Kampala ananunua vyuma vya kale.
Anataka jina. Yenye jina ni milioni mbili.
Isiyo na jina, basi, ni ya mizani ya chakavu."

Nikaifunga kwa kamba darini mwa kibanda,
hapa Layibi, mkabala na kinu cha mtama.
Nikawasha redio, nikaizima.
Niligonga mrija kwa ukucha. Chuma nilichokizoea hujibu *du*.
Hiki kilijibu *ting*, kikaendelea kujibu
mimi nikiwa nimeshanyamaza.

Kisha wembe.
Juu nyeusi, rangi ya boda, miaka ya madeni.
Chini yake kijani kilichopakwa haraka, hata juu ya tope;
Oryema akasema huo ni mkono wa marehemu baba,
wakati ule hakuna aliyetaka kung'aa barabarani.
Chini ya kijani, nyeupe ya misheni.
Chini ya nyeupe, nikapuliza vumbi:
samawati nisiyowahi kuiona dukani,
mbingu dakika tano baada ya mvua ya mawe.

Kichwani pana matundu mawili, moja juu ya jingine.
Hapo palikaa nembo.
Nikapagusa kama unavyogusa sikio
lililowahi kuvaa hereni.

Ikabaki kikombe cha kulia, penye gololi za pedali.
Miaka thelathini nafungua Raleigh na Hero,
na upande huo hufunguka kinyume:
zungusha kama unayekaza, nacho kinalegea.
Ni sheria. Niliirithi pamoja na spana.
Kikagoma.
Nikamimina mafuta ya taa, nikalala, nikarudi alfajiri,
nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana,
nikakaza, nikakaza, bila kujua
kwamba kweli nilikuwa nakaza.

Oyella, binti yangu, mdomo umejaa muhindi:
"Na kama yenyewe haijui sheria yako?"

Nikageuza. Robo mzunguko, kikalia
kama kufuli la nyumba iliyohamwa,
gololi zikanimwagikia mapajani, grisi imekuwa nta.
Hesi ya kulia, upande wa kulia.
Waitalia hukata hivyo. Niliwahi kuambiwa, nikadhani utani.

Nikafuta chini: Z, B, na 58.
Nikashangilia, nikidhani mwaka.
Kisha nikavuta futikamba kwenye mrija wa siti:
sentimita hamsini na nane.
Kimo tu. Urefu wa miguu ya mtu.

Oryema akampigia mama yake.
"Bruda Silvano? Aliinama hata kwenye mlango wa kanisa.
Alipoondoka alimwachia baba yako,
siti tukaishusha mpaka ikakataa."
Na jina la baiskeli?
Tukasikia kuku wake, muda mrefu.
"Jina? Tuliiita baiskeli."

"Andika lolote, fundi," Oryema akanong'ona.
"Nani atajua?"

Nayajua majina makubwa mawili matatu ya kule.
Mchora vibao yuko duka la tatu kutoka hapa.
Lakini chuma hiki kimenigomea usiku kucha
kikikataa kuwa Mwingereza;
nikipe uongo mwingine asubuhi?

Nikaandika kwenye karatasi ya sigara:
*Samawati. Hesi za Kiitalia. Kimo 58.
Imeundwa na Z.B., wa mahali nisipopajua,
aliyeunga shaba vizuri kunizidi.*

Mtu wa Kampala hajapiga simu.
Keria nimeikata, ilikuwa inapinda mgongo.
Oryema amenuna: mkaa wa wiki hii
umekuja mjini kichwani.