Uzi wa Kofia

Muhannad kaenda Duqm, mafunzo ya miezi minne,
kaniachia hapa Al-Khoudh ufunguo wa gari nisiloendesha
na chatu.
Hajafika urefu wa mkono wangu. Jina lake Kashata.
Kwenye friza, chini ya nguru na sambusa za Ramadhani,
panya weupe wamelala mfukoni, wagumu kama mawe.
Nikamwambia: mjukuu wangu, nyoka mimi namjua kwa ufagio.
Akanibusu kichwa. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Wiki ya kwanza nilimchagulia panya mkubwa.
Ndivyo nilivyolelewa: mgeni humwekei kipande cha mkia.
Nikamtazama akijivuta, taya limeachana na taya,
ngozi imetanuka hata magamba yanahesabika,
nikasema, haya, ndiyo kula huko.

Usiku wa tatu harufu iliniamsha kabla ya adhana.
Kamtapika mzima mzima, kalowa, nusu kayeyuka,
naye kajikunja pembeni
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Nilipiga magoti chini ya kiyoyozi na glavu za kuoshea vyombo,
nikakumbuka nilivyomlisha uji baba yake Muhannad, kwa kumbana pua,
nikijisifu kwa majirani: kwangu mtoto habakishi bakuli.
Siku hizi yuko Dubai. Anakula amesimama.

"Siku kumi usimpe kitu, Bibi. Tumbo lipoe."

Ya kumi na moja nikaitoa mizani ya marehemu,
ile ya duka la Matrah, iliyopima bangili za maharusi.
Kashata: gramu mia tatu na arubaini.
Panya: thelathini na moja.
Marehemu angecheka hata kofia ianguke.
Lakini uzito peke yake hautoshi;
pete nayo hupimwa kidole.
Nikachukua uzi wa kofia ninayodarizi, wa buluu,
nikamzungushia Kashata pale anaponenepa zaidi,
nikatia fundo.
Nikamzungushia panya uzi uleule:
fundo halikufikiwa, pakabaki nafasi ya punje ya mchele.
Basi. Huyu.

Nikamyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, mfuko umefungwa,
nikamfuta, nikamshika mkia kwa koleo la ubani.
Kashata akaja taratibu, ulimi unaonja hewa,
mara paa! Hata sikuona.
Alipomaliza, pakabaki kivimbe kidogo tu,
kama kokwa ya tende ndani ya soksi.

Siku tatu sikumgusa. Ya nne simu ikalia.
"Bibi, amekula?"
"Amekula."
"Hakutapika?"
"Hakutapika."
Kimya. Nasikia upepo wa Duqm kwenye simu yake.
"Na wewe?"

Nikautazama wali jikoni,
sufuria ileile ya watu wanane.
Mkono mfukoni, uzi,
na fundo lake.