Meno ya Mashine

Jumamosi, Zaituni akienda kutoa upatu,
nami nashuka uani na koleo, bisibisi,
na gunia la saruji lisilo na saruji.
Ndani mna kompyuta tatu za ofisi ya bandari,
redio-kol moja,
na simu zisizo na wa kuzipigia.

Nazing'oa meno.
Ndivyo ninavyoyaita, vile vijino vya manjano
pembezoni mwa kadi,
vimepangwa kama vya mtoto anayepigwa picha ya shule.
Nakata kwa mkasi wa bati. Tak. Tak.
Semkiwa anachungulia juu ya ukuta:
"Fundi Hiza, leo wazika au wafukua?"
Namjibu: vyote.

Miaka ishirini na sita nilikuwa fundi simu hapa Tanga.
Kadi kama hizi nilizichomeka kwa vidole hivi,
usiku, mvua ya vuli imekata Muheza na Pangani,
na asubuhi mtu wa Korogwe akamsikia mamaye.
Hakuna aliyeniambia kwamba sauti ile
ilipita juu ya dhahabu.
Nyembamba kuliko utando wa maziwa,
lakini dhahabu.

Sasa ni ndoo nyeupe, asidi, na subira.
Nakaa upande upepo unakotoka,
miwani machoni, kuku nimewafungia.
Siku ya tatu maji yamekuwa kijani,
kijani cha mlango wa msikiti wetu;
shaba imekubali kuondoka,
na juu yake, visivyojali,
vijiganda vya manjano vinaelea
kama maganda ya kitunguu kwenye karo.

Yale maji ya kijani simwagi.
Yamo kwenye dumu, nimeandika HATARI kwa rangi nyekundu.
Binti yangu Mwantumu aliuliza: yataishia wapi?
Sijapata jibu.
Dumu hilo ni la nne.

Wanaouliza faida nawaonyesha daftari:
asidi, mkaa, glavu,
nauli ya Amboni kufuata mashine iliyokufa,
nayo ikawa ya bati tupu.
Upande wa mapato nimechora kijua.

Mwaka mmoja na miezi miwili.
Vijiganda nikaviyeyusha, vikapotea kabisa,
nikalala vibaya usiku ule;
kisha vikarudi vikiwa unga wa kahawia
ambao ungeudhania mashapo ya kahawa.
Nikautia kwenye kikombe cha udongo, boraksi kidogo,
nikaupulizia moto.
Ukakataa. Ukakataa. Kisha
ukajikunja, ukawa jicho,
likanitazama.

Sonara wa Barabara ya Nane, Bwana Vinodrai,
aliliweka kwenye mizani, akavua miwani, akaivaa tena.
"Gramu moja nukta mbili. Imetoka wapi?"
"Kwenye maneno ya watu," nikasema.

Mwaka wa tisini na moja Zaituni aliuza kipini chake
ili ninunue sanduku la vifaa.
Hakukitaja tena.
Mimi ndiye niliyekuwa nikiutazama
ule upande wa pua, kila akicheka.

Nikampa kimefungwa kwenye karatasi ya sigara.
Akakigeuza, akakipeleka kwenye taa,
akakijaribu mbele ya kioo cha kabati.
Kimya.
"Hiza," akasema, "tundu limeziba.
Limeziba tangu Mwantumu yuko darasa la tatu."

Nilisimama na mikono yangu yenye madoa
kama mtu aliyepiga simu, ikaita, ikaita,
na kule upande wa pili nyumba ilishabomolewa.

Kisha akacheka, na ule upande wa pua ukapanda.
"Wewe umechokonoa takataka mwaka mzima.
Mimi nipe mpaka Ijumaa."

Alhamisi nilimkuta kibarazani kwa mke wa Semkiwa,
sindano, uzi, barafu kwenye kikombe cha bati.
Nikapita kama sijaona.

Ijumaa alikuja uani,
pua imevimba, inang'aa mafuta ya nazi,
na pale katikati ya uvimbe, punje.
"Usinitazame," akasema.
"Tazama ndoo yako."