Meza Barazani

Siku ya tatu tangu aletwe kutoka Wete
Bi Zuwena Shaame aliitoa meza yake ofisini,
yeye upande huu, mlinzi Machano upande wa pili,
wakaitua barazani, ubavuni mwa mtungi wa maji
na kengele yetu, ile rimu ya gari iliyopasuka.
Ofisi akawapa darasa la kwanza
waliokuwa wakisomea ngazini.

Sisi walimu tulichungulia dirishani.
"Atairudisha," alisema Mwalimu Vuai.
"Masika bado hayajamjua."

Mie nilikuwa na miaka ishirini na mbili ya chaki.
La nne B, mkondo wa mchana,
watoto tisini na sita, madawati kumi na tisa,
na Jang'ombe nzima ikituingilia madirishani:
cherehani, muuza barafu, mvuke wa urojo.
Niliandika, wakanakili.
Niliuliza "Mmefahamu?" wakaitika "Ndiyooo!"
na ndiyo hiyo nikaiandika kuwa elimu.

Akaja akakaa nyuma, juu ya jamvi.
Hakunitazama mimi. Alimwinamia Biubwa,
mtoto wa muuza mandazi wa Matarumbeta:
"Hii nusu, mwanangu, ndiyo nini?"
Biubwa akanyoosha kidole ubaoni.
"Ile pale, Bi. Ina mstari katikati."

Usiku ule wali ulinishinda.

Bakora yangu hakuninyang'anya. Aliiazima.
Watoto wakailaza sakafuni, wakaipima:
sentimita themanini na saba.
Wakaitia alama za wino, kisha wakapima nayo kila kitu,
uwanja, kivuli cha mlingoti, urefu wa Machano
aliyesimama wima kama siku ya gwaride.

Jumatatu nikaleta mkate wa kumimina.
Kisu kikapita: nusu. Kikapita: robo.
Kikapita tena, nikasema, "Hii thumni,"
na Biubwa akasimama bila kunyoosha mkono:
"Mbona bibi anaita thumni ile senti hamsini?
Hamsini si nusu ya shilingi?"

Tisini na sita wakanyamaza.
Nikatafuta ukali, sikuuona.
"Sijui," nikasema.
Neno dogo; lilitoka kama mwiba.
"Kawaulizeni majumbani."

Kesho yake walikuja na mababu wazima vinywani.
Ya reale! walipiga kelele. Thumni ya reale, mwalimu!
Ya zamani, kabla ya shilingi!
Mimi nikakaa jamvini, nikanakili.

Sisemi kwamba mambo yamekuwa mazuri.
Madawati bado kumi na tisa.
Mwalimu Vuai ameomba uhamisho,
na mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa hasira
tangu lini skuli inafunza kula mikate.

Masika nayo yalimjua Bi Zuwena.
Yakalowesha daftari la mahudhurio, wino ukatiririka.
Tulichungulia dirishani, tukingoja.
Akaishika meza, akaisogeza, akakaa, akaendelea kuandika.
Biubwa alikwenda kupima:
bakora moja na robo.
Si kuelekea ofisini.