Huenda

Ilianza kwa rangi.
Mwezi wa nane, nyanya zimeanikwa juu ya paa,
kwa jicho la kulia zilikuwa nyekundu,
kwa la kushoto zimepauka kama tofali kuukuu.
Nikafumba hili, nikafumbua lile,
nikacheka. Jua la Nuoro, nikasema, halina adabu.
Wiki tatu baadaye rangi ikarudi yenyewe
kama mtoto aliyenuna akasahau sababu.
Sikumwambia mtu.

Kisha vidole.
Mkate wetu hutoka tanurini umefura kama mpira,
nawe huna budi kuupasua kati ungali unafuka,
kabla haujakumbuka kukauka.
Miaka ishirini na miwili vidole hivi vimeupasua.
Siku ile Gonaria akapiga ukelele: Mkono wako!
Nikatazama. Ngozi imebabuka hadi kiganjani.
Nilikuwa nafikiria bei ya unga.

Jirani, Zia Antioca, akasema ni jicho la husuda.
Akatia punje za ngano katika bilauri ya maji,
akanuizia, akahesabu mapovu.
Wawili, akasema, mwanamke na mwanamume,
na mwanamke ana kanzu ya kijani.
Hakusita hata kidogo.

Kule Kaliari wakanilaza ndani ya sumaku
iliyogonga saa nzima kama fundi mwenye deni.
Halafu picha: ubongo wangu, kijivu, mdogo kuliko nilivyodhani,
na ndani yake madoa matatu meupe.
Punje za ngano.
Ni huo? nikauliza.
Dokta Melis ni muungwana,
hupangusa miwani kabla ya kusema asilolijua.
Ugonjwa huu, mama, hauhukumiwi kwa tukio moja.
Sharti uonekane mahali zaidi ya pamoja
na wakati zaidi ya mmoja.
Mahali tumepapata. Wakati bado.

Nikamwambia kuhusu nyanya.
Nani aliliona jicho hilo?
Mimi.
Daktari gani?
Akaandika kitu kifupi, akakipigia mstari.

Wakachoma uti wa mgongo, wakakinga maji yake
tone kwa tone, maangavu, kama ya chemchemi.
Maabara ikajibu: yarudiwe.

Huenda, husema. Huenda ndio, huenda sio.
Neno gani hili lenye miguu?
Mimi nikiinamisha shingo umeme hunishuka hadi visiginoni,
lenyewe linateremka ngazi za hospitali mbele yangu,
halishiki ukuta, halitafuti kiti,
linanisubiri garini limeshavaa mkanda.

Bachisio haulizi.
Jumapili nimerudi kanisani nikakuta
amepigilia ubao wa kushikia kando ya ngazi yetu,
mti wa mzeituni, ameupiga msasa hadi ukalainika.
Ni kwa ajili ya mama, akasema.
Mama yake hajakanyaga kwetu tangu harusi.
Nikasema, ni mzuri.
Nikapanda bila kuushika.
Usiku, yeye akikoroma, nikashuka nikaushika.

Naona haya kulisema hili:
nimeliombea doa la nne.
Nimepiga magoti kwenye sakafu ya unga
nikamwomba Mungu aniumize mahali pengine, wazi,
mchana kweupe, mbele ya shahidi mwenye shahada,
ili nipewe jina, na kwa jina nipewe dawa,
na Gonaria ajue kama atanirithi mwezi huu
au baada ya miaka thelathini.
Asubuhi yake nikaomba lifutwe ombi la usiku.
Sijui ni lipi lililofika.

Miadi ijayo ni mwezi wa pili.
Kabla ya kahawa nafungua mtungi wa nyanya,
natoa moja, naiinua kwenye dirisha.
Nafumba hili.
Nyekundu.
Nafumba lile.
Nyekundu, nadhani.
Naiweka karibu zaidi na taa.