Mizani ya Mwaloni

Watu wakiniuliza habari za Holo Masalu
huwa nawaonyesha bega langu la kushoto.
Hapa, nasema. Hapa ndipo alipojifunzia.

Tulikuwa kilo hamsini na mbili kila mmoja,
Igogo, ndani ya ghala lililosahau pamba,
turubai la lori juu ya maranda ya mbao,
na Sajenti Lusato wa magereza, mtu asiye na haraka,
akatufundisha miezi minne kitu kimoja: kuanguka.
Kidevu kifuani. Kiganja kipige chini kabla ya mgongo.
Mama akauliza: mtoto analipa ada ili aanguke?
Mbona hata bure huanguka.

Kutupa kulikuja baadaye. Holo alitupa, mimi nilitupwa.
Hakuna aliyepanga; kazi iligawanyika yenyewe,
kama kuni na maji kwa mtu na dada yake.
Aliingia chini ya kitovu changu,
mguu wake ukipita mapajani mwangu
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
na mara, kupitia mlango ulio wazi,
ziwa lilikuwa juu, mabati yalikuwa chini.
Nilihesabu hadi elfu tisa.
Daftari likaisha.

Malenga huhesabu mizani yake kwa vidole.
Sisi tulihesabu kwa mate:
siku nzima kabla ya kupimwa, kopo mkononi,
tunatema, tunatema, kiu imetukaa kooni,
na nje ya ghala maji yote yale ya Nyanza.

Alikwenda Antananarivo akarudi na shaba.
Alikwenda Port Louis akarudi na fedha
na ndala za hoteli, akanipa mimi.
Dakar walimmaliza kwa sekunde kumi na moja.
Kumi na moja, Kwandu, aliniambia kwenye simu,
judogi nimeivaa kavu, nimeivua kavu.
Akacheka. Salio likakata kicheko katikati
na mpaka leo sijui nusu ya pili ilikuwa ya nini.

Ulaya uko mji ambao jina lake hunishinda kutamka.
Huko alipanda mizani alfajiri
akazidi gramu mia.
Wakamkata nywele kwa mkasi wa ofisini.
Misuko ile nilimsuka mimi, siku mbili,
barazani kwetu Mabatini,
huku akitafuna viazi na kunikaripia nisivute.
Ikabaki kwenye vigae vya watu
na yeye akapita, hamsini na mbili kamili.
Akamwangusha wa kwanza. Akamwangusha wa pili.
Wa tatu akaondoka na goti lake.

Mimi napima dagaa Mwaloni.
Mnunuzi akiegesha kidole gumba kwenye sahani
simtazami usoni wala mkononi:
mwili wangu unajua uzito unapotaka kuhama
kabla haujahama.
Somo hilo sikupewa cheti.

Jumapili iliyopita Holo alikuja ghalani.
Alitembea kama mtu aliyeficha fimbo ndani ya suruali.
Hapakuwa na mtu, ila korongo wawili juu ya paa
na mtoto wa jirani aliyekuja kuiba maranda.
Akavua viatu, akainamisha kichwa.
Nitupe, akasema.
Goti lako?
Nitupe na goti langu.

Nikamshika kola. Kwa miaka yote ile
sikuwahi kujua kwamba ni mwepesi hivyo.
Akapaa. Kiganja chake kikapiga turubai
kabla ya mgongo, kama Lusato alivyotaka,
na korongo wakaruka kwa hasira.

Tukalala palepale, vumbi la mbao puani.
Akakaa kimya kitambo.
Kumbe ziwa huwa juu, akasema.
Nikamwambia asogee,
ameniegemea bega.