Mbegu Kumi

Akilimali anataka pevingi.
Kishaongea na fundi, bei anayo kichwani,
nyekundu na kijivu, zipangwe kama ubao wa drafti.
"Kibada nzima wameweka. Hizo nyasi zako
utazimwagilia nini?"

Nikaenda Kariakoo na kopo la udongo wetu,
mweupe, unaponyoka vidoleni kama sukari,
na chupa ya maji ya kisima,
yale yanayokataa povu la sabuni.

Nakijwa, muuza mbegu, hakutazama pochi yangu.
Alitazama chupa.
Akadondosha tone ulimini, akatema pembeni.
"Chumvi hii," akasema, "imeshachagua kabla yako."

Rafuni palikuwa na pakiti inayong'aa:
uwanja wa kijani kama chupa ya soda,
mtoto, mbwa, jua lisilochoma mtu.
Mkono wangu ulishafika.
"Igeuze."
Mgongoni tarehe imesuguliwa na kidole cha mtu,
na maandishi, madogo kama chawa:
hupenda baridi.
"Hizi zikifika Kibada
zitauliza njia ya Lushoto."

Akavuta mfuko wa kaki, hauna picha,
umeshonwa kwa uzi, una lebo moja:
usafi, uotaji, siku ya kupimwa.
Bei mara mbili.
"Huu si ukoka? Ukoka naung'oa bure kwenye mihogo!"
"Ni ukoka," akajibu, "uliokwenda shule."

Akanifungia chembe za huku na za huku
katika karatasi za daftari la hesabu.
Kajaribu mwenyewe, akasema.
Mbegu haina mdomo, lakini ukiilowesha husema.

Kumi na kumi, kwa ncha ya sindano,
nikazipanga juu ya fulana kuukuu ya Akilimali,
nusu sahani hii, nusu ile,
nikazifunika kwa sufuria.
Kila asubuhi maji ya kisima, yaleyale ya chumvi.
Mimi sikuolewa kwa picha ya studio.

Siku ya nne, kimya.
Siku ya sita Akilimali alileta tofali la mfano,
akaliweka mezani, karibu na chai yangu, hakusema kitu.

Siku ya kumi nikafunua.
Sahani ya picha nzuri: mbili, nyembamba, rangi ya mate.
Sahani ya kaki: tisa.
Ile ya kumi niliitafuta hadi usiku kwa tochi ya simu
kama mama anayehesabu watoto mkekani.

Niseme pia habari ya Bi Somoe, jirani.
Kwake palikuwa na duara moja la nyasi,
kijani kizito, kijani cha kisamvu kilichoiva,
nami mwaka mzima nimelionea wivu kupitia michongoma.
Mpaka lilipokuja gari la maji taka.
Karo lilikuwa limepasuka.
Tangu hapo rangi peke yake hainidanganyi,
naiuliza: umekula nini?

Tukagawana uwanja. Yeye geti hadi barazani,
mimi hatua kumi na mbili kwa tisa, upande wa jikoni.
Samadi ya kuku iliyooza, si mbichi.
Mbegu nikazichanganya na mchanga ili zisirundikane,
nikazikanyagia kwa ubao,
nikapigana na kunguru wiki mbili kwa mwiko na matusi.
Masika ikanisaidia, kisha ikaniacha,
na ukoka ukabaki na kisima na chumvi yake,
ukajipasha, ukafungana,
ukaenda ukikolea.

Leo saa nane mchana pevingi inachoma kama kikaango.
Akilimali ametoka na kiti chake,
simu sikioni, anasema mtandao huku unashika vizuri.
Sikumjibu. Nachambua mchele.
Viatu vyake viko kule, ukingoni mwa tofali,
vimetazama nyumba.
Vidole vyake vinachimba kijani taratibu,
kimoja kimoja,
kama vinahesabu.