Kubebesha

Bahasha ilifika na stempu ya theluji:
mbegu kumi na mbili, mwandiko wa Soenarti, Rotterdam.
Mama yake, Waginem, alizipanda nane kwenye ndoo za rangi
nyuma ya nyumba, Paramaribo,
ambako hata kuta hutoka jasho.

Ziliota. Zikarefuka. Zikachanua njano.
Kisha, mchana mmoja,
zikalegea zote, mbichi bado,
majani yakining'inia kama soksi kambani.
Alikata shina, akalitia katika glasi ya maji:
uzi mweupe ukashuka polepole, mithili ya maziwa.
"Udongo," alisema, akaimwaga glasi mbali.

Simuni binti huuliza: zimeota?
Zimeota.
Na huo si uongo.

Mbilinganya haukuwa na habari.
Ulisimama tu kando ya mtaro,
mvua ya saa tisa ikiuchapa,
jua la saa kumi likiuchemsha.

Basi zile nne za akiba zilipofikia urefu wa kidole
alitwaa wembe,
akakata mche wa nyanya, akakata mche wa bilinganya,
kidonda juu ya kidonda,
akavibana kwa kipande cha mrija wa soda.
Siku saba gizani, chini ya karai.
Huyu atoe mguu, yule atoe jina.

Mmoja ulishika.
Ukazaa nyanya moja, imepasuka begani kwa mvua.
Aliila kwa chumvi, wima, simu sikioni.

"Umeshaizoea baridi?"
"Nimezoea, mama. Ni miguu tu."